Matembezi ya hisani ya Kaloleni, Kisumu: ada ya shilingi 800 na matumizi yake

Matembezi ya hisani yamekuwa mengi mjini Kisumu, na wengi wetu tumezoea kulipa ada, kuvaa fulana, kutembea, kupigwa picha na kurudi nyumbani bila kuuliza fedha zetu zimekwenda wapi. Matembezi ya kumkumbuka mtoto wa mtaa wa Kaloleni aliyefariki kwa saratani, ambayo mwezi Septemba uliopita yalifanyika kwa mara ya pili, yanastahili kupimwa kwa uzito uleule tunaoupa hoteli au gereji, kwa sababu waandaaji wake walipokea fedha za watu na kuwaahidi kitu. Nasema mapema kwamba ada ya shilingi 800 kwa mtu mzima na 300 kwa mtoto ilikuwa halali yao, na kwamba nitailipa tena. Hata hivyo fulana, ambayo ndiyo kitu kikuu anachobaki nacho mlipaji, ilikuwa mbovu, na ubovu wake uliwaumiza watu walewale ambao matembezi yalikusudiwa kuwafariji.

Jina la mtoto nawaachia wazazi wake. Alikuwa katika gredi ya pili, na mtaani alijulikana kwa kuchora mashua juu ya kila karatasi iliyomfikia, zikiwemo risiti za duka la baba yake. Ugonjwa uliomchukua unaitwa limfoma ya Burkitt, na katika eneo letu la ziwa si ugonjwa mgeni hata kidogo. Daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, baada ya kuwaona watoto wengi wenye uvimbe wa taya, na baadaye ikafahamika kwamba huandama maeneo yenye malaria nyingi, ambako malaria ya mara kwa mara pamoja na virusi vya Epstein-Barr, vilivyogunduliwa mwaka 1964, huvuruga chembe za kinga za mtoto. Uvimbe huo hukua kwa kasi ya kutisha, kiasi cha kuweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na mara nyingi dalili ya mwanzo ni jino linalolegea, ambalo mzazi yeyote angedhani ni jino la utoto linalotaka kutoka. Ndivyo ilivyokuwa kwa mtoto huyu. Kliniki moja ililing'oa jino, ikampa dawa ya maumivu na kumrudisha nyumbani, na majuma yaliyopita kabla ya mtu yeyote kutamka neno saratani yangali yanazungumzwa katika nyumba ile.

Nimeanza na ugonjwa kwa sababu waandaaji nao walianza nao. Kila aliyejiandikisha alipewa, pamoja na fulana, kadi ndogo ya kukunja yenye dalili ambazo mzazi asizipuuze: uvimbe wa taya au wa tumbo, meno yanayolegea bila sababu, mboni ya jicho inayoonekana nyeupe mtoto anapopigwa picha, homa isiyokwisha, michubuko inayotokea bila mtoto kuanguka, maumivu ya mifupa yanayomwamsha usiku. Maelezo yaliandikwa kwa Kiswahili, Kidholuo na Kiingereza, kwa herufi kubwa ambazo bibi yangu aliweza kuzisoma bila miwani, na upande wa nyuma palikuwa na mmoja wa michoro ya mashua ya marehemu. Kwa maoni yangu kadi hii peke yake ilitosha kuhalalisha ada. Nimeiona imebandikwa kwenye kioo cha matatu ya Nyamasaria na ukutani mwa kinyozi mmoja wa Kondele, jambo ambalo sijapata kuliona kwa karatasi yoyote ya wizara. Kasoro yake ni kwamba haikusema mzazi aende wapi akiziona dalili hizo. Kuandika tu kwamba mtoto apelekwe hospitalini hakumsaidii mtu ambaye tayari amekwenda hospitalini akapewa dawa ya maumivu. Ilipasa iseme wazi kwamba ana haki ya kuomba rufaa, na kwamba uvimbe usiopungua baada ya siku chache unahitaji kukatwa kipande na kuchunguzwa maabara.

Njia ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Tulianzia uwanja wa michezo wa Jomo Kenyatta katikati ya mji, tukafuata barabara kuu kupita soko la Kibuye hadi Kondele, tukageuka na kurudi. Kuichagua Jumamosi badala ya Jumapili kulikuwa na busara, maana anayeifahamu Kibuye ya Jumapili anajua kwamba hapapitiki hata kwa mkokoteni. Waandaaji walikuwa wamempelekea mkuu wa kituo cha polisi taarifa ndani ya muda unaowekwa na Sheria ya Utulivu wa Umma, yaani si chini ya siku tatu wala si zaidi ya siku kumi na nne kabla, na matokeo yake yalionekana barabarani: polisi walisimamisha magari kwenye kila makutano makubwa, na waendesha bodaboda wa Kaloleni, waliovaa vizibao vya kung'aa, walikaa ubavuni mwetu upande wa magari mwendo wote. Mwaka wa kwanza, kwa walivyonieleza waliokuwepo, watoto walitembea bega kwa bega na malori. Gari la wagonjwa lilifuata nyuma, maji yalikuwepo Kibuye na Kondele, na watu wa viti vya magurudumu walipewa njia fupi yao bila kusukumwa kando kama mzigo.

Tatizo lilikuwa saa. Tangazo lilisema tungeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lakini tuliondoka baada ya saa mbili kwa sababu mgeni rasmi hakuwa amefika. Mtu wa Kisumu hahitaji kuelezwa maana ya kutembea juani saa nne kwenye lami, na watoto wadogo waliokuwa wakirukaruka alfajiri walirudi wamebebwa mabegani. Ikiwa matembezi ni ya mtoto, ratiba ifuate mtoto. Mgeni rasmi anayechelewa na atukute njiani.

Sasa nije kwenye fulana, ambayo imezua maneno mengi kuliko jambo lingine lolote. Ilikuwa nyeupe, nyepesi, yenye mchanganyiko wa pamba na nailoni, na mbele ilikuwa na picha ya mtoto iliyopigwa siku ya Idi, amevaa kanzu na kofia, anacheka huku akitazama pembeni mwa kamera. Picha ilikuwa nzuri, na wazazi waliichagua kwa makusudi kwa kuwa hawakutaka akumbukwe kwa sura ya miezi ya mwisho. Makosa yako kwenye uchapaji. Kiwanda kidogo kilichopewa kazi, ambacho sitakitaja, kilichapa picha kwenye karatasi ya plastiki na kuibandika kwa pasi ya joto, njia ambayo hutoa rangi kali na za kuvutia siku ya kukabidhi mzigo, lakini tabaka lile hukaa juu ya kitambaa bila kuingia ndani ya uzi. Kitambaa kinavutika, plastiki haivutiki. Baada ya kufuliwa mara chache tabaka lilianza kupasuka mistari midogo, kisha kubanduka vipande, na kwa kuwa picha ilikuwa ya uso, kilichokuwa kikibanduka ni uso. Kwenye fulana yangu mpasuko ulianzia shavuni. Mama wa mtoto ameikunja yake akaiweka ndani ya kabati na hataki kuiona kwenye kamba ya nguo ya jirani yeyote, na majirani, ambao ni waungwana, sasa wanazianika uani badala ya mbele ya nyumba.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja anayeuza vitambaa katika soko la Jubilee na ambaye anajua nguo kuliko wengi wetu, alimrudishia fundi fulana iliyoharibika. Awali fundi alikuwa amemhakikishia, "Mama, picha hii haitoki hata ukiifua kwa mashine." Mama alimjibu, "Kweli mwanangu, haijatoka. Imebanduka." Fundi alikubali kurejesha sehemu ndogo ya malipo, na kiasi hicho kimeingizwa kwenye hesabu, jambo ambalo naliheshimu. Lakini ningependa kamati ijayo ielewe kwamba hapa tatizo halikuwa fundi peke yake. Picha yenye rangi nyingi haichapiki vizuri kwa skrini, yaani kwa kusukuma wino kupitia wavu hadi kwenye kitambaa, kwa bei ndogo, kwa hiyo ukishaamua kuweka uso wa mtoto kwenye fulana mia kadhaa za bei nafuu, umekwisha kujichagulia plastiki. Mashua ile iliyokuwa kwenye kadi ingekuwa mkono wake mwenyewe, ingehitaji rangi moja tu, na skrini ingeuingiza wino ndani ya uzi ukadumu hadi fulana yenyewe ichakae na kuwa tambara la kupigia deki bila mtu kuona vibaya. Sioni hoja yoyote dhidi ya mashua, si ya fedha wala ya heshima.

Kosa jingine la uchapaji lilikuwa la kuchekesha kidogo. Bango la mahali pa kuanzia lilikuja na utepe wa waridi, ambao ni wa saratani ya matiti, ilhali utepe wa saratani ya watoto ni wa dhahabu. Mwalimu mmoja wa madrasa aliwatuma wanafunzi wake kuleta karatasi za manjano, na ndani ya muda mfupi utepe ulikuwa umefunikwa, ingawa upepo wa ziwani ulizidi kuufunua.

Hotuba zilikuwa ndefu na za viwango visivyolingana. Muuguzi mmoja alizungumza dakika chache akasema mambo ya maana kuliko wote: kwamba saratani nyingi za watoto hazitokani na chakula wala mwenendo wa mzazi, kwamba hakuna kipimo cha kuwapima watoto wote wakiwa wazima, na kwamba kwa hiyo silaha iliyobaki ni kuitambua mapema na kumaliza matibabu. Alitaja takwimu za Shirika la Afya Duniani, ambazo kila mlipa ada anafaa kuzijua: katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hupona chini ya asilimia 30, ndiyo maana mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kufikisha angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo mwaka 2030. Kisha akapanda mheshimiwa mmoja akawaambia akina mama waache kuwapa watoto soseji. Mama wa marehemu alikuwa ameketi safu ya mbele. Mtu aliyepewa kipaza sauti mbele ya mzazi aliyefiwa anapaswa kwanza kuelezwa asichoruhusiwa kusema, na mshereheshaji ndiye mwenye kazi hiyo.

Kibaya zaidi, na hili nalisema kwa uzito, ni kwamba jukwaani aliitwa mtoto mwingine anayeendelea na matibabu ili watu wamwone na kuchangia. Mtoto huyo alikuwa kati ya duru za tibakemikali, yaani dawa kali za saratani, kipindi ambacho kinga ya mwili huwa imeshuka na homa ndogo inaweza kumlaza wodini, na sisi tulimsimamisha kwenye vumbi, kati ya mamia ya watu, wengine wakimshika kichwa kwa huruma. Barakoa aliyovalishwa ilikuwa ya mtu mzima na ilimteleza kidevuni kila alipogeuka. Picha zake zilikuwa kwenye simu za watu hata kabla hajashuka. Nilizungumza na kamati baadaye, na nilifurahi kusikia kwamba hata miongoni mwao lilizua ubishi mkali. Michango ilikuwa imeshaingia. Hapakuwa na sababu ya kumfanya mtoto tangazo.

Kuhusu kumbukumbu yenyewe, palikuwa na wazee waliopinga tangu mwanzo. Walisema hitima ilisomwa, matanga yalishaanuliwa, na kumtangaza marehemu barabarani kwa ngoma na vipaza sauti si desturi. Baba wa mtoto aliwajibu kwamba anataka sadaka yenye kuendelea, na kwamba kisima na msikiti si sadaka pekee zinazojulikana. Maelewano yaliyopatikana nayaona kuwa ya busara sana: hapakuwa na muziki kabla ya kurudi uwanjani, sheikh alisoma dua, mchungaji wa kanisa ambako nusu ya wanadarasa wenzake husali akaomba kwa ufupi, na wanadarasa wakatangulia mbele wakiwa na sare za shule. Mzee mmoja aliyekuwa mpinzani mkubwa alitembea mpaka Kibuye akapanda bodaboda kurudi. Alipomuuliza mwalimu wa shule kutembea kunamponya nani, mwalimu alimsimulia habari za Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa, ambaye mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia zaidi ya kilomita 5,000 kwa siku 143 akichangisha fedha za utafiti, hadi saratani ilipoingia mapafuni, na akafariki mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 22. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza fedha zile alizishika nani.

Swali lake ndilo linalotuleta kwenye sehemu bora ya huduma hii. Ada zote zililipwa kwa Paybill ya M-Pesa iliyofungamana na akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa mtu asiye na undugu na familia. Hakuna shilingi iliyopita kwenye simu ya mtu binafsi, na waliofika na fedha taslimu asubuhi walisaidiwa kulipa kwa simu palepale. Chini ya majuma mawili baadaye karatasi ya hesabu ilibandikwa kwenye ubao wa msikiti na kwenye lango la shule, na ikatumwa pia kwa simu kwa kila aliyejiandikisha. Ilikuwa karatasi ya kawaida iliyopigwa chapa, yenye safu tatu: kilichoingia, kilichotoka, na safu iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu, ahadi ambazo hazijalipwa. Safu hiyo ya tatu iliwafanya watu wasimame langoni wakisoma kwa furaha isiyofichika, kwa kuwa majina ya walioahidi makubwa jukwaani yalikuwepo pamoja na kiasi walichokitaja na tarehe. Wawili wamelipa tangu hapo. Nashauri kila kamati ya mchango katika eneo hili iige kalamu hiyo nyekundu.

Karatasi hiyo pia ndiyo iliyofichua kwamba karibu theluthi ya makusanyo ililiwa na fulana. Hili halivumiliki mwaka mwingine. Fulana iwe ya hiari, iuzwe kwa bei yake kwa anayeitaka, na ada ya kutembea ibaki ya kutembea.

Kilichobaki kilitengewa nauli, malazi ya wazazi na vipimo ambavyo bima haivifikii, na huu ndio uamuzi uliotofautisha matembezi haya na mengi niliyoyaona. Bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, hulipia matibabu ya saratani hadi kikomo cha mwaka kwa kila kaya, lakini haimlipii mama nauli kutoka Usenge au Mbita, wala chakula chake akiwa mjini, wala mshahara wa kibarua alioukosa. Dawa za limfoma ya Burkitt hutolewa kwa duru kadhaa, mara nyingi kwa nafasi ya wiki mbili hivi, na ugonjwa huu ni miongoni mwa saratani zinazoitikia dawa haraka sana: uvimbe uliokuwa umeziba jicho unaweza kunywea baada ya duru ya kwanza. Hapo ndipo hatari inapojificha. Mzazi anamwona mtoto anacheza, anakula, shavu limerudi, na nauli ya duru ya pili ni sawa na chakula cha nyumba kwa wiki nzima. Basi anaamua kungoja hadi mavuno, na ugonjwa haungoji. Kamati iliambiwa na wauguzi kwamba watoto wanaoacha njiani si kwa sababu wazazi wao hawajali, na ikaamua kuziba pengo hilo moja badala ya kuahidi kujenga wodi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Muuguzi anathibitisha tarehe ya miadi, mweka hazina anatuma nauli kwa simu ya mzazi siku moja kabla, na mzazi akifika anatuma ujumbe mfupi. Familia za Siaya, Homa Bay, Busia na Vihiga zimenufaika, si za mjini pekee, na watoto wanaotibiwa katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, wanahudumiwa sawa na wanaosafiri hadi Eldoret. Ninachokikosoa ni kwamba hakuna maandishi yanayoeleza nani anastahili na nani hastahili. Kwa sasa kamati inaamua kwa kujuana na kwa imani, na imani imetosha kwa sababu fedha ni kidogo. Zikiongezeka, manung'uniko yataanza, na mweka hazina, ambaye ni kijana mwaminifu wa duka la simu, ndiye atakayebebeshwa.

Chakula sina mengi ya kusema: uji wa wimbi wa moto, mahamri na viazi karai, vyote vilivyopikwa na akina mama wa mtaa kwa kujitolea, vyote vitamu, na vyote vikaisha kabla ya kundi la mwisho kufika. Vyoo vilitosha. Muziki baada ya kurudi ulikuwa wa sauti ya juu mno kwa shughuli ya aina hii.

Hema la kuchangia damu nililiona kuwa wazo zuri lililowekwa mahali pasipofaa. Tibakemikali hushusha chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na mtoto aliyepungukiwa nazo anaweza kutokwa na damu puani au kwenye fizi isikome. Chembe hizo zikishatolewa kwa mchangiaji hukaa siku tano tu, kwa hiyo hazihifadhiki kwa miezi kama vitu vingine vya hospitali, na wachangiaji lazima wawe wanakuja kila mara. Watu walijitokeza kwa wingi, lakini wahudumu waliwarudisha wengi wao, na kwa haki kabisa: ukishatembea saa mbili juani bila maji ya kutosha, shinikizo la damu limeshuka na hufai kutolewa nusu lita nyingine. Wengine waligundua kwenye mizani kwamba hawajafikisha kilo 50 zinazotakiwa. Vijana wa sekondari wenye miaka 16 na zaidi, ambao wanaruhusiwa, hawakuwa wameelezwa mapema, na wakabaki wakitazama kwa mbali. Siku ya damu itengwe wiki moja kabla ya matembezi, ifanyike asubuhi shuleni au msikitini baada ya watu kula, na atakayechangia apewe nambari yake ya matembezi bila kulipa ada. Kamati imesema italijadili pendekezo hilo.

Kwa atakayejiandikisha mwaka ujao, usajili hufunguliwa mwezi Agosti dukani kwa mwenyekiti katika soko la Jubilee na kwa wanachama wa kamati waliopo Kaloleni. Lipa kwa Paybill na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa, kwa kuwa ndio unaoonyeshwa langoni. Chukua kofia na chupa yako ya maji. Chukua kadi zaidi ya moja, kwa sababu zinatolewa bure na kuna majirani wasiotembea. Ukiulizwa fulana, uliza kwanza imechapwa kwa njia gani.